Tuwasomeshe washauri wetu kabla ya mkasa mwingine

Ikiwa wewe ni mkazi wa Machakos huhitaji kukumbushwa usiku wa kuamkia Machi 26, 2001. Usiku huo wavulana 67 waliteketea bwenini katika Shule ya Upili ya Kyanguli. Petroli ilikuwa imemwagwa, na wanafunzi wawili wakashtakiwa.

Sisemi kwamba mshauri mmoja angeuzuia moto ule. Lakini swali lililozuka siku ile bado linatukodolea macho: mtoto mwenye kinyongo au huzuni hapa kwetu humwendea nani?

Mwaka huo huo wa 2001 serikali ilipiga marufuku viboko shuleni. Mahali pa kiboko pakatakiwa pawe na ushauri nasaha. Kazi hiyo alitwikwa mwalimu mwenye vipindi tele vya hesabu au Kiswahili, na mara nyingi ndiye pia anayetoa adhabu. Ni mtoto yupi atakayemfungulia moyo mtu anayeweza kumwadhibu kesho yake?

Ushauri ni taaluma, na sheria ya mwaka 2014 kuhusu washauri na wanasaikolojia inalitambua hilo. Mshauri hufunzwa kusikiliza bila kuhukumu, kutunza siri na kutambua dalili zinazohitaji daktari. Naye afisa wa ustawi wa jamii hufuata chanzo cha tatizo nyumbani.

Tuseme msichana wa Masinga anasinzia darasani na hasemi na mtu. Mshauri atamsikiliza. Afisa wa ustawi atafika kwao, na pengine akute baba mlevi, mama mgonjwa na wadogo watatu wanaomtegemea msichana huyo awapikie. Mmoja bila mwenzake hufanya kazi nusu.

Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kuwa nusu ya matatizo ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14. Hapa Kenya, jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kuwa hali ya afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Dharura haisubiri.

Basi tufanyeje? Machakos ina maeneobunge 8. Kila mwaka, pafadhiliwe vijana wawili kutoka kila eneobunge, mmoja asomee ushauri wa vijana na familia, mwingine ustawi wa jamii. Hao ni 16 tu. Walipiwe karo yote, si vijisehemu vya basari visivyomaliza hata muhula. Nao watie sahihi kwamba watarudi kuhudumu kwao kwa miaka isiyopungua ile waliyosomeshwa. Kijana wa Mwala au Yatta anayejua Kikamba ataelewana na nyanya ambaye hawezi kusimulia uchungu wake kwa lugha nyingine.

Wapo watakaosema kwamba tuna shida ya maji na dawa, na karo ya washauri ni anasa. Shida hizo ni za kweli. Lakini hata shule inapochomwa, mzazi ndiye anayelipa: hulipia bweni jipya, hununua godoro jipya, na pengine jeneza.

Pingamizi lililo na uzito zaidi ni hili: wapo waliosomea kazi hii na hawajaajiriwa. Kwa hiyo nafasi za kazi ziwekwe kwenye bajeti kwanza, kisha ndipo ufadhili utangazwe. Kumsomesha kijana kisha kumwacha barabarani ni kumwongezea mgonjwa mwingine.

Msomaji, Katiba ya 2010 inakupa haki ya kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Mikutano hiyo inapoitwa, wengi wetu huenda kuuliza juu ya barabara. Safari ijayo, simama uulize pia juu ya washauri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi wa Machakos tunajua gharama ya ukuta huo.