Bibi hakuwa 'mama wa nyumbani tu'

Wasifu wa marehemu husomwa kwa dakika chache kabla ya safari ya makaburini. Akiwa ofisa mstaafu, hutajwa vyeo vyake, vituo alivyofanyia kazi na mwaka aliostaafu. Akiwa bibi wa miaka 90 aliyeishi na kuku, mbuzi na paka wake, mara nyingi husomwa mstari mmoja: "Alikuwa mama wa nyumbani." Hufuata idadi ya watoto, wajukuu na vitukuu, kisha karatasi inakunjwa.

Mstari huo unaacha mengi. Bibi huyo alijua mtetea yupi anaatamia vizuri, akamwekea mayai na kuhesabu siku 21. Alimtambua mbuzi mwenye mimba na kujua kwamba atazaa baada ya miezi mitano. Mdondo ulipopita kijijini na kumaliza banda zima, alianza upya na mitetea miwili. Jogoo aliyeuzwa sokoni aligeuka madaftari ya shule, mafuta ya taa au nauli ya kumpeleka mtoto hospitali. Hiyo ilikuwa kazi, ila haikuwa na mshahara wala pensheni.

Kwa familia ambayo bado ina bibi, muda wa kuandika ni sasa. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, hivyo miaka yao hutafutwa kwa matukio. Muulizeni: Uhuru wa Desemba 1961 ulimkuta ameshaolewa? Azimio la Arusha mwaka 1967, alikuwa amembeba mtoto yupi mgongoni? Walipohamia kijiji cha ujamaa, mifugo waliihamishaje? Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, nani wa ukoo alikwenda?

Muulizeni pia majina ya ng'ombe na mbwa wake. Mzee anayesahau alichokula asubuhi anaweza kukumbuka vizuri mambo ya ujana wake. Msimsahihishe kila tarehe, wala msimhoji kama polisi. Kaeni naye anapochambua mchele au anapowatupia kuku mtama, na mmoja aandike.

Siku ya msiba ikifika, kuna jambo jingine ambalo vikao vya familia husahau. Shamba na nyumba hujadiliwa, lakini mifugo haina msemaji. Kuku huishia kwenye sufuria za matanga, mbuzi huuzwa, na mbwa huachwa azurure. Mjukuu aliyezoea kufungulia kuku na bibi yake kila alfajiri hupoteza bibi, kuku na kazi yake ndani ya wiki moja. Babu aliyebaki mjane naye hubaki na ua mtupu.

Ni vyema kikao kimtaje mrithi wa mifugo, na kama mtoto au babu anaitaka, abakiziwe hata michache. Kuku wapewe chanjo ya mdondo kila baada ya miezi mitatu. Mbwa achanjwe dhidi ya kichaa kila mwaka. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Na kwenye wasifu, penye neno kazi, andikeni aliyoifanya: mfugaji, mlezi, mlipaji wa ada kwa mayai ya kuku wake.