Tusitupe ampli za zamani
Televisheni mpya ikifika nyumbani, ampli ya stereo ya miaka ya 1970 hupelekwa stoo kwa kuwa haina tundu la sauti ya dijitali. Ni hasara ya bure. Kifaa kidogo cha kugeuza sauti hiyo kinatosha, televisheni ikiwekwa kwenye PCM.

Mmarekani David Hafler alionyesha njia ya kupata sauti ya nyuma bila ampli ya pili: bafle za nyuma zinafungwa kati ya chanya ya kushoto na ya kulia, zitoe tofauti ya pande hizo tu. (Rumba iliyorekodiwa kwa mono itaziacha karibu kimya.)

Fundi apime kwanza. Ampli ambayo hasi zake hazikutani ndani haifai, na bafle za ohm ndogo mno zinaweza kuiunguza. Shule zetu za ufundi zifundishe kipimo hicho mwaka huu.