BITI BUTU SI KOSA LA FUNDI

Ndugu Wanachama,

Mafundi wametuletea manung'uniko. Kipande cha nyuzi za kaboni kimepasuka kikitobolewa, na msimamizi asema gharama yake itakatwa katika mshahara wa fundi. Twataka neno hili lifahamike sawasawa.

Kaboni si chuma wala si mbao. Ni tabaka nyingi za nyuzi zilizoshikwa pamoja kwa gundi ngumu. Keekee iingiapo huinua tabaka ya juu. Itokapo huisukuma ya chini ikabanduka kabla ya kukatwa. Mara nyingi ufa hukaa ndani, jicho lisiuone. Ndege za Boeing 787, zinazobeba abiria tangu 2011, karibu nusu ya uzito wake ni vitu vya namna hii. Basi tundu baya si jambo dogo.

Dawa yake yajulikana. Biti iwe kali, ya kabaidi au ya almasi, kwa maana nyuzi hizi hula makali ya biti ya kawaida upesi. Ubao ubanwe sana nyuma ya kipande, uishike tabaka ya mwisho. Keekee izunguke kwa kasi, lakini mkono usisukume, hasa biti ikaribiapo kutokea upande wa pili. Vumbi livutwe kwa mashine pale pale litokapo, wala lisipulizwe kwa hewa. Vumbi hilo huingia mapafuni, huwasha ngozi, na kwa kuwa hupitisha umeme, laweza kuharibu mitambo.

Sasa twauliza: biti hununuliwa na nani? Ubao hutolewa na nani? Ni nani asemaye "haraka, haraka"? Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Biti butu aliyopewa fundi si kusudi lake. Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo, yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama.

Lakini nasi tusijidanganye. Fundi apewaye barakoa akaitia mfukoni, au asukumaye keekee ili amalize mapema, hutufunga mikono tusiweze kumtetea.

Kwa hiyo, biti ikiisha makali, simama. Mwambie msimamizi mbele ya shahidi, na mwakilishi wa chama aandike siku na saa. Karatasi hiyo ndiyo ngao yako siku ya mshahara.

Umoja ni nguvu.