Barabara Pana Si Dawa ya Usafiri Nairobi

Mvua ikinyesha Nairobi, nauli ya matatu hupanda kabla maji hayajafika mtaroni. Anayeumia zaidi ni mwanafunzi, ambaye mfuko wake haujazwi na mawingu.

Wapo wanaoshikilia kwamba dawa ni kuongeza barabara. Sikubaliani nao. Mwaka wa 2022 barabara ya juu, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa. Wenye uwezo wa kulipa ada hupita juu, ilhali walio wengi wangali wakisongamana chini. Matatu nazo zimetufaa pakubwa tangu Rais Jomo Kenyatta alipozihalalisha mwaka wa 1973, lakini nauli hufuata matakwa ya wenyewe.

Naona haja ya mambo mawili: njia iliyotengewa mabasi pekee, na nauli isiyobadilika, iliyobandikwa mlangoni. Mwaka wa 2018 mstari mwekundu ulichorwa kwenye barabara kuu ya Thika ili kutenga njia hiyo. Rangi peke yake haikumfikisha mtu darasani.

Walimu, lijadilini suala hili na wanafunzi wenu, kwani wao ndio watakaorithi misongamano hii. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wala mwenye gari hajui adha ya anayesubiri kituoni.