Usijifunze gizani

Leo nataka tuongee kuhusu baiskeli. Najua wengine mtashangaa pasta ameingiaje huko, lakini vumilieni msome mpaka mwisho, kwa sababu kuna uhai wa mtu ndani ya hili jambo.

Mzee mmoja wa kanisa letu (amenipa ruhusa niandike, jina nimeliacha) ametumiwa na binti yake aliye Marekani baiskeli isiyo na kiti. Unaiendesha umesimama wima. Miguu haizunguki duara kama kwenye baiskeli ya kawaida. Inakanyaga vibao viwili virefu vinavyokwenda mbele na nyuma, kama mtu anayekimbia bila nyayo kugonga ardhi. Waliowahi kuingia jimu wanaijua ile mashine ya kukanyaga huku umesimama. Hii ni hiyo hiyo, ila imewekewa magurudumu ikatoka nje.

Si kitu cha mchezo. Ile inayoitwa ElliptiGO ilibuniwa California na Bryan Pate, mwanajeshi wa zamani aliyepata majeraha yaliyomzuia kukimbia, pamoja na mhandisi Brent Teal. Ilianza kuuzwa mwaka 2010. Meb Keflezighi, yule mzaliwa wa Eritrea aliyeshinda Boston Marathon mwaka 2014, aliitumia katika mazoezi yake. Kwa hiyo binti yule hakukosea. Baba yake ana magoti mabovu, daktari amemwambia afanye mazoezi yasiyogonga viungo, naye akamtafutia chombo kinachofaa.

Shida ilianzia kwetu. Siku ya kwanza mzee alipoitoa, vijana walisimama kando na simu zao. Jioni video ilikuwa kwenye WhatsApp ya ushirika, na chini yake vicheko vimejaa. Mzee hakusema kitu. Ila tangu siku ile anatoka saa kumi na moja alfajiri, giza totoro, anajifunza kando ya barabara kubwa ambako malori yanapita, kwa sababu saa hiyo hakuna wa kumcheka. Mimi jambo hilo sikubaliani nalo hata kidogo, na simlaumu yeye.

Hebu tuelewane kuhusu hiki chombo kwanza. Mtu aliyekua akiendesha Black Mamba akibeba magunia ya mahindi anadhani anajua baiskeli zote. Anajua mizani, ndiyo. Lakini hapa umesimama, uzito wako wote uko juu, na hakuna kiti cha kukushika ukiyumba. Magurudumu ni madogo, kwa hiyo shimo ambalo Black Mamba ingelipita kwa kishindo tu linaweza kulimeza gurudumu hili. Usukani ni mwepesi, ukiugusa kidogo unageuka. Na mwili wa baiskeli ni mrefu, hivyo haukati kona fupi. Mtu mzima akianguka kutoka kimo hicho si kama mtoto wa miaka saba anayeinuka na kukung'uta vumbi.

Halafu kuna breki, na hapa naomba msome polepole. Baiskeli zinazouzwa Marekani kwa kawaida zina breki ya gurudumu la mbele kwenye mkono wa kushoto. Uingereza ni kinyume, na huku kwetu utakuta zote mbili. Ukiwa umesimama wima kisha ukaminya breki ya mbele peke yake kwa nguvu, gurudumu litasimama lakini kifua chako kitaendelea na safari. Kabla ya kupanda, isukume ukitembea kando yake, minya mkono mmoja, kisha mwingine, ujue upi unashika wapi. Uifanye mara nyingi hadi vidole vikumbuke vyenyewe.

Kwa maoni yangu, mtu anayejifunza aanze na kusimama na kushuka. Kwenda kutakuja. Shusha kibao kimoja hadi chini, weka mguu mmoja hapo, mwingine usukume ardhi kama watoto wanavyosukuma kigari cha mbao. Teleza mita tano, minya breki zote mbili taratibu, shusha mguu. Rudia. Siku nzima ikiishia hapo, si hasara. Ukishaweza kusimama unapotaka, ndipo upandishe mguu wa pili, magoti yamelegea kidogo, macho yakitazama mbele unakokwenda. Wengi huangalia miguu yao, na anayeangalia miguu huyumba. Helmeti iwe kichwani tangu mita ya kwanza, na usivae suruali yenye miguu mipana karibu na mnyororo.

Barabara ni baadaye sana. Mpaka uweze kuachilia mkono mmoja kuonyesha unapogeuka bila kuyumba, mpaka uweze kutazama nyuma ya bega na bado ukaenda moja kwa moja, wewe na matatu msikutane.

Najua kuna mpendwa ataandika hapa chini: "Pasta, tumfunike tu kwa maombi." Tutaomba, na mimi naomba. Lakini kumbukeni Bwana wetu alipowekwa juu ya kinara cha hekalu akaambiwa ajitupe kwa sababu malaika wapo. Alikataa. Kumwacha mzee wetu mbele ya lori gizani kisha tuseme malaika watamshika, sioni tofauti.

Na ninyi vijana wangu, nawapenda, mnajua. Mzee wa miaka karibu sitini anayekubali kuwa mwanafunzi tena ana ujasiri ambao wengi wetu hatuna. Wangapi hapa hawajui kuogelea, hawajui kutumia kompyuta, hawajui kusoma vizuri, na wamekaa kimya kwa sababu wanaogopa kicheko kama kile? Mmoja wa mama zetu aliniambia wiki hii angependa kujifunza baiskeli ya kawaida, lakini baada ya ile video ameghairi.

Video ile ifutwe leo. Jumamosi hii uwanja wa kanisa utakuwa wazi kuanzia saa mbili asubuhi, kuna mwanga wa kutosha na magari hayataruhusiwa kuingia. Upande wa jikoni kuna kokoto, huko asiende mtu kwanza. Mzee atakuja na baiskeli yake, na mama yule nimeshamwambia aje. Nahitaji vijana wawili wenye miguu mizuri wakimbie kando yao, na mwenye helmeti ya ziada ailete. Simu mtaziacha kwa mashemasi getini.