"Haggard" na Uso wa Mvuvi wa Ziwa Nyasa

Neno la Kiingereza "haggard" limetokana na Kifaransa "hagard": kozi wa kuwindia aliyenaswa mwituni akiwa mpevu, mgumu kufugika. Shakespeare alilitumia kwa maana hiyo. Baadaye lilihamia kwenye macho ya kimwitu, kisha kwenye uso uliochoka. Kwa asili halikuhusu udhaifu wa mwili. Hapo ndipo mfasiri hukosea. Mvuvi wa Mbamba Bay aliyekesha akivua usipa kwa taa, akiitwa "dhaifu" au "aliyekonda", huwa amezuliwa ugonjwa, ilhali nguvu anazo. "Amesawijika" lafaa zaidi: ingawa mara nyingi huambatana na maradhi au huzuni, kiini chake ni sura. Tafsiri isiyotenganisha sura na mwili humdhulumu mchapakazi.