Tokeni Kwanza, Daktari Anapita

Daktari akianza raundi wodini, ndugu wa wagonjwa hutolewa nje. Shangazi yangu alipopatwa na kiharusi, binti yake ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko na kujua upande upi wa mdomo unampalia. Raundi ilipofika, akasimama verandani na hotipoti yake. Siku ya kuruhusiwa alipewa mfuko wa dawa na karatasi ya Kiingereza. Hakuna aliyemwambia kuwa mtu asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. Alikuja kujua kidonda cha mgongoni kilipokwisha fumuka.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia yake na Serikali. Hiyo "na" ya mwisho ndiyo iliyolegea. Mpango wa Serikali wa Inua Jamii humpa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Si hela ya kubeza, ila nepi za watu wazima huimaliza upesi, wala haimfundishi mtu kumwinua mgonjwa bila kuumia kiuno.

Kuna watakaosema familia hizo hizo ndizo zinazowala wazee hela zao na kuwafungia ndani. Kweli, zipo. Ndiyo maana mwenye kuulizwa kwanza ni mzee mwenyewe. Shangazi hakukubali kuogeshwa na mwanawe wa kiume, ingawa ndiye mwenye nguvu. Basi kijana akawa anambeba hadi bafuni, anatoka, dada yake anaingia. Huko ndiko kumstiri mtu, na walijipangia wenyewe. Pale wodini hakuna aliyewauliza mtafanyaje.

Septemba 2023 Serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wa kupita nyumba kwa nyumba. Anayetujia ni mama mmoja mchangamfu: humpima shangazi presha, huandika kwenye simu, huaga. Simlaumu, ndiyo kazi aliyotumwa. Majuzi alikwisha vaa viatu, akageuka.

"Na wewe, mwanangu, usiku unalala saa ngapi?"

Binti akacheka, kisha akakaa chini. Yule mama akavua viatu, akarudi ndani, akamfunga yeye ile mashine mkononi.